Mtambo upo Ilemela, dhahabu inapita wapi?

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

Dhahabu ya mchimbaji mdogo wa Nyarugusu, mkoani Geita, hupita mikono mingi kabla haijaitwa dhahabu. Mwamba hutolewa duarani, yaani shimoni, hupondwa kwenye karasha, unga wake huoshwa kwenye mwalo, kisha zebaki hukusanya chembe na moto ukaiondoa zebaki. Mchanga unaobaki, ambao wenyewe huuita marudio, huenda kwenye plenti ya sayanaidi kukamuliwa upya. Kinachofika sokoni ni kipande kidogo cha manjano iliyofifia, ndani yake bado kuna madini ya fedha, shaba na takataka nyingine.

Sokoni hapo, mbele ya ofisa wa Tume ya Madini, kipande hupimwa usafi, huwekwa kwenye mizani na mrabaha hukatwa. Mnunuzi analipa, mchimbaji anashika njia. Kwake yeye shughuli imekwisha.

Kwa taifa ndiyo kwanza imeanza. Kipande kile hakijafikia usafi ambao benki kuu yoyote ingekubali kukiweka kwenye hazina yake, na njia za kukisafisha ni mbili. Moja inapitia uwanja wa ndege kwenda Dubai, Uswisi, India au Afrika Kusini. Nyingine inaishia wilayani Ilemela, jijini Mwanza, kwenye kiwanda cha Mwanza Precious Metals Refinery, ambacho Rais Samia Suluhu Hassan alikizindua Juni 2021.

Kiwanda hicho ni ubia wa Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, na kampuni mbili za nje: Rozella General Trading ya Dubai na ACME Consultant Engineers ya Singapore. Kimejengwa kiweze kusafisha kilo 480 za dhahabu kwa siku, kwa usafi wa asilimia 99.99.

Chukua kalamu. Kikifanya kazi siku 300 kwa mwaka, kilo hizo ni tani 144. Tanzania nzima, migodi mikubwa na wachimbaji wadogo wakijumlishwa, huzalisha tani 50 na ushee kwa mwaka. Kiwanda kimoja cha Ilemela kingeweza kumeza dhahabu yote ya nchi na bado kikabaki na nafasi zaidi ya nusu. Na si kimoja: Geita kuna Geita Gold Refinery, na Dodoma kuna Eyes of Africa.

## Kinu bila mahindi

Kwa miaka mitatu ya mwanzo mitambo hii ilikuwa kama mashine ya kusaga iliyojengwa kijijini kabla ya mvua kunyesha. Mashine nzuri, mahindi hakuna.

Uwezo wa kusafisha ulikuwapo. Kilichokosekana ni sababu ya mwenye dhahabu kugeuza gari kuelekea Ilemela. Mgodi mkubwa ulikuwa na mkataba wake wa miaka mingi na kiwanda cha nje. Mfanyabiashara alikuwa na mnunuzi wake Dubai, anayemjua kwa jina na aliyemlipa jana. Mchimbaji mdogo alikuwa na deni.

Tangu Marekani, Umoja wa Ulaya na China zianze kugombea madini muhimu, mjadala wa hapa nchini umezoea kuuliza ni lini tutajenga viwanda. Mwanza inajibu swali hilo kwa namna inayokera kidogo: kiwanda kilishajengwa. Kazi iliyobaki ilikuwa ya ofisi, na ndiyo iliyochukua muda mrefu kuliko kumwaga zege.

> Uwezo wa kusafisha ulikuwapo. Kilichokosekana ni sababu ya mwenye dhahabu kugeuza gari kuelekea Ilemela.

## Marufuku iliyozaa hisa

Ili kuelewa kwa nini katika kazi hiyo Serikali inasita kutumia rungu la amri peke yake, inabidi kurudi Machi 2017. Mwezi huo Rais John Magufuli alipiga marufuku kusafirisha nje makinikia, yaani mchanga wenye dhahabu, shaba na fedha uliokuwa ukitoka Bulyanhulu na Buzwagi, migodi ya kampuni ya Acacia katika wilaya ya Kahama. Makontena 277 yalizuiwa bandarini Dar es Salaam.

Mei 24 mwaka huo kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma ikasema makontena hayo yalikuwa na wastani wa tani 7.8 za dhahabu, wakati nyaraka zilionyesha tani 1.2 hivi. Acacia ilikana. Juni 12 kamati ya pili, ya Profesa Nehemiah Osoro, ikaja na hesabu za kodi. Siku mbili baadaye mwenyekiti wa Barrick, mmiliki mkuu wa Acacia, John Thornton, alikuwa Ikulu.

Yaliyofuata yanajulikana. Bunge lilipitisha sheria tatu kwa mpigo mwaka huohuo, mojawapo ikitamka kwamba madini yaongezwe thamani ndani ya nchi, na marekebisho ya Sheria ya Madini yakaipa Serikali hisa zisizopungua asilimia 16 katika kila mgodi mkubwa. Mazungumzo yakaisha Januari 24, 2020 kwa makubaliano na Barrick: dola milioni 300, mgawanyo wa faida za kiuchumi nusu kwa nusu, na kampuni ya pamoja, Twiga Minerals, ambayo ofisi zake ziliwekwa Mwanza.

Ni mafanikio makubwa, na mwandishi huyu hana haja ya kuyapunguza. Ila tuseme ukweli mmoja: marufuku ilizaa hisa, haikuzaa tanuri. Makinikia yaliruhusiwa kusafiri tena, kwa sababu tanuri la kuyeyusha shaba linahitaji mchanga mwingi sana, mwaka baada ya mwaka, na migodi miwili ya Kahama isingelishibisha. Hiyo ilikuwa hoja ya kampuni tangu kabla ya 2017, na haikuwahi kupatikana hesabu ya kuipindua.

Funzo moja dogo la wakati ule lilipita bila kelele, na kwangu mimi ndilo lililozaa matunda zaidi. Januari 22, 2019 Rais alikutana na wachimbaji wadogo. Malalamiko yao hayakuwa ya falsafa: ukiuza dhahabu kihalali unakatwa VAT asilimia 18 na kodi ya zuio asilimia 5 juu ya mrabaha, ukiuza kwa njia za panya hukatwi kitu. Wiki chache baadaye kodi zote mbili zikafutwa kwao. Machi 17, 2019 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akafungua soko la kwanza la madini, Geita. Leo masoko ni zaidi ya 40 nchi nzima, mbali na vituo vidogo vya ununuzi.

Angalia mpangilio wake. Wizara ya Fedha ilifuta kodi, Wizara ya Madini ikajenga soko, Tume ikaweka mizani, polisi na mkoa wakalinda barabara, yote ndani ya miezi michache. Dhahabu ikaanza kuonekana kwenye vitabu.

## Asilimia 20

Dhahabu iliyoonekana kwenye vitabu bado iliondoka ikiwa ghafi. Mwaka 2023, dola zilipoadimika nchini na waagizaji wa mafuta wakawa wanapanga foleni benki, Benki Kuu ya Tanzania ilijitokeza kama mnunuzi. Lengo lilikuwa tani 6 kwa mwaka wa fedha 2023/24: nunua dhahabu hapa nyumbani, isafishwe hapahapa, iingizwe kwenye akiba ya fedha za kigeni.

Haikuwa mara ya kwanza. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Benki Kuu iliwahi kununua dhahabu ya wachimbaji wadogo, na mpango ule ukafa. Safari hii nao ulianza kwa kusuasua. Kwa hiari, ununuzi wa miezi ya mwanzo ulihesabiwa kwa kilo, si kwa tani.

Ndipo sheria ikaingia. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Madini kinamtaka mwenye leseni atenge sehemu ya madini yake kwa ajili ya kusafishwa ndani ya nchi. Septemba 2024 Tume ya Madini ilitoa tangazo lenye tarakimu: kuanzia Oktoba 1, 2024, kila mchimbaji na mfanyabiashara anayesafirisha dhahabu nje atenge si chini ya asilimia 20, isafishwe nchini na kuuzwa kwa Benki Kuu.

Tangazo peke yake lingebaki karatasi. Uzito wake ulitoka kwenye vivutio vilivyoambatana nalo. Anayeuza kwa Benki Kuu hulipa mrabaha wa asilimia 4 badala ya 6. Ada ya ukaguzi ya asilimia 1 haimgusi. VAT ni sifuri. Bei ni ya soko la dunia. Kwa mfanyabiashara ambaye faida yake kwa kila gramu ni ndogo, tofauti ya asilimia 3 inatosha kumfanya apige simu Ilemela.

Kwa Benki Kuu, bahati nayo ilisaidia. Mpango ulipopata meno, wakia moja ya dhahabu ilikuwa chini ya dola 2,800. Oktoba 2025 ilivuka dola 4,000. Akiba iliyonunuliwa kwa shilingi ilipanda thamani ikiwa imelala tu ndani ya kasha.

Katikati ya 2025 kampuni kubwa nazo zilisogea. Geita Gold Mining, inayomilikiwa na AngloGold Ashanti, na Shanta zilikuwa miongoni mwa zilizotia saini makubaliano na Serikali ya kutenga fungu hilo.

> Wakia ilikuwa chini ya dola 2,800 mpango ulipopata meno. Mwaka mmoja baadaye ilivuka 4,000.

## Wakubwa wanasubiri muhuri

Lakini kutia saini ni jambo moja, kuridhika ni jingine. Hoja za migodi mikubwa zinastahili kusikilizwa, hata na wale wasiopenda sauti zinakotoka.

Ya kwanza ni sarafu. Mgodi unalipa vipuri, mafuta, sayanaidi na mikopo kwa dola. Benki Kuu inaponunua kwa shilingi, mgodi unabaki na mzigo wa kutafuta dola upya katika soko lilelile ambalo juzi tu lilikuwa halina.

Ya pili ni muhuri. Soko la dhahabu la London hupokea mikuo ya viwanda vilivyo kwenye orodha ya LBMA, chama cha soko hilo, pekee. Afrika nzima, kwa upande wa dhahabu, kiwanda kilichomo kwenye orodha hiyo ni kimoja: Rand Refinery cha Germiston, Afrika Kusini. Mkuo wenye muhuri huo hauulizwi swali. Mkuo usio nao unaweza kuwa safi kwa 99.99 na bado ukapimwa upya, ukayeyushwa upya, na mwenyewe akalipia vyote viwili.

Hapa ndipo penye fundo la mkasa mzima. Miongoni mwa masharti ya kuingia kwenye orodha ile ni kwamba kiwanda kiwe kinasafisha walau tani 10 za dhahabu kwa mwaka, pamoja na mtaji wa kutosha na ukaguzi wa asili ya kila gramu. Ilemela haiwezi kupata muhuri bila dhahabu ya kutosha, na wenye dhahabu nyingi hawataki kuileta mpaka muhuri upatikane.

Hakuna upande wa mduara huo unaoweza kuuvunja peke yake. Mgodi hauna sababu ya kujitoa mhanga. Kiwanda hakina nguvu ya kulazimisha. Mwenye uwezo wa kuweka tani 10 mezani kwa mwaka, kwa amri na kwa pesa yake, ni Serikali. Ukilitazama hivyo, lile fungu la asilimia 20 linafanya zaidi ya kujaza hazina. Kwa uzalishaji wa tani 50 na ushee, moja ya tano ni tani 10 na kidogo. Tatizo ni kwamba hizo zinagawanywa kwa viwanda zaidi ya kimoja, na kila kimoja kinaota muhuri wake.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo Serikali inapopaswa kuchagua, jambo ambalo serikali hazipendi kulifanya. Kiwanda kimoja chenye muhuri kina faida kwa nchi kuliko vitatu vinavyousubiri.

## Deni la kwenye duara

Upande wa wachimbaji wadogo tatizo ni la namna nyingine kabisa, na wanaoandika sheria Dodoma hulisahau mara kwa mara.

Kabla duara halijatoa gramu moja, mtu amelipia dizeli ya jenereta, magogo ya kuzuia udongo, chakula cha vijana, baruti, kukodi kompresa. Benki haikopeshi shimo lisilojulikana lina nini. Anayekopesha ni mnunuzi wa dhahabu. Na sharti lake halina riba ya kuandikwa: dhahabu ikitoka, inakuja kwangu.

Kwa hiyo mzigo mkubwa wa machimbo ya Geita, Shinyanga, Mara na Sengerema una mwenyewe kabla haujachimbwa. Unafuata deni. Ukitaka ufike Ilemela, bei nzuri haitoshi. Inabidi mtu mwingine awe amelipia ile dizeli.

Kwa hesabu za wizara, wachimbaji wadogo wanachangia karibu asilimia 40 ya mapato yatokanayo na madini. Si kundi la pembeni tena. STAMICO imewanunulia mitambo ya kuchoronga ili mtu ajue kilichomo ardhini kabla ya kukopa, na hiyo ni hatua inayogusa mzizi, kwa kuwa mwenye taarifa za kijiolojia anaweza kwenda benki. Bado mitambo hiyo ni michache ukiilinganisha na mashimo.

Wasafirishaji haramu nao hawajalala. Mapema Januari 2019, mkoani Mwanza, polisi 8 walikamatwa na kufikishwa mahakamani wakihusishwa na dhahabu ya zaidi ya kilo 300 iliyokuwa ikitoroshwa. Pima hapo: kilo 300 katika safari moja. Hakuna kivutio cha mrabaha kinachoshindana na njia ambayo haina mrabaha kabisa, isipokuwa hatari ya kukamatwa iwe ya kweli na nafuu ya kuuza kihalali iwe ya kweli pia.

## Nikeli haina Benki Kuu

Sasa tuondoke kwenye dhahabu, maana siri ya mafanikio yake, hata yakiwa nusu, ni kwamba ina mnunuzi wa ndani asiyechoka. Benki Kuu inaweza kununua dhahabu miaka yote na isijue cha kuifanyia zaidi ya kuifungia. Madini mengine hayana bahati hiyo.

Upande wa magharibi wa Ziwa Victoria, wilayani Ngara, kuna Kabanga. Miaka ya 1970 utafiti uliofadhiliwa na Umoja wa Mataifa ulionyesha nikeli hapo, na tangu wakati huo leseni imepita mikononi mwa kampuni kadhaa kubwa za dunia bila tani moja kuuzwa. Wataalamu huitaja Kabanga miongoni mwa mashapo bora zaidi ya nikeli ya salfaidi ambayo hayajachimbwa, na ndani yake mna shaba na kobalti.

Januari 2021 Serikali ilitia saini makubaliano yaliyounda Tembo Nickel, yenyewe ikiwa na asilimia 16. Kilichofanya mkataba huo uwe tofauti ni sharti la kusafisha nchini: mchanga wa Kabanga usiishie bandarini, upelekwe Kahama, kwenye eneo la mgodi wa Buzwagi uliofungwa 2021, ambako umeme, uwanja wa ndege na nyumba vilikwishajengwa. Ni umbali wa kilomita 340 hivi kwa barabara. Leseni ya kiwanda ilitolewa Machi 2024.

Dunia ilipiga makofi. Makamu wa Rais wa Marekani wa wakati huo, Kamala Harris, akiwa Dar es Salaam Machi 2023, aliutaja mradi huo kama chanzo cha nikeli ya betri ifikapo 2026. Sababu ya shauku si siri. Marekani mwaka 2022 iliorodhesha madini 50 iliyoyaona muhimu kwa usalama wake. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2024 inataka ifikapo 2030 usafishaji wa ndani ya Umoja utosheleze asilimia 40 ya mahitaji yake ya mwaka ya madini ya kimkakati, na nchi moja ya nje isitoe zaidi ya asilimia 65 ya madini yoyote kati ya hayo. Aprili 2025 China iliweka masharti ya kuuza nje baadhi ya madini adimu, na viwanda vya magari huko Ulaya vikahisi kabla ya miezi miwili kupita.

Kisha bei ikafanya yake. Indonesia ilizuia kuuza nje nikeli ghafi tangu Januari 2020, ikawavuta wawekezaji wa China kujenga vinu huko, na uzalishaji ukafurika. Nikeli iliyokuwa imeruka kwa muda mfupi hadi juu ya dola 100,000 kwa tani Machi 2022 ilishuka hadi karibu dola 15,000 mwaka 2025. BHP, iliyokuwa imeweka pesa Kabanga, iliziachia hisa zake za asilimia 17 kwa Lifezone Metals, mbia mkuu wa mradi huo, mwaka 2025, baada ya kusimamisha hata migodi yake ya nikeli Australia.

Wanaotaka Tanzania iige Indonesia wakumbuke tofauti moja. Indonesia ilikuwa na nikeli nyingi kiasi kwamba mnunuzi hakuwa na pa kwenda. Zuio la mwenye soko ni silaha. Zuio la mwenye mgodi mmoja ambao haujafunguliwa ni sababu ya mwekezaji kusubiri.

> Zuio la mwenye soko ni silaha. Zuio la mwenye mgodi mmoja ambao haujafunguliwa ni sababu ya mwekezaji kusubiri.

Hata kiwanda cha Kahama kikijengwa, hatuna kiwanda cha betri wala cha chuma cha pua cha kununua bidhaa yake. Nikeli safi itapanda treni kwenda Dar es Salaam kama ambavyo nikeli chafu ingepanda. Kinachobadilika ni idadi ya wanunuzi unaoweza kuzungumza nao: mchanga ghafi una wateja wachache wenye vinu, chuma safi kina wateja kote duniani. Hiyo si hatua ndogo, lakini si uhuru unaohubiriwa majukwaani.

Hapa jirani wana uzito kuliko hotuba. Burundi ina nikeli ya Musongati, na Januari 2025 ulisainiwa mkataba wa kujenga reli ya kisasa kutoka Uvinza hadi huko. Reli ya Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, inaendelea kujengwa, na Isaka ni jirani wa Kahama. Kiwanda kinachopokea mchanga wa Ngara na wa Musongati pamoja kina nafasi nzuri ya kuvumilia bei mbaya kuliko kinachotegemea shimo moja. Hilo linahitaji wizara za nchi mbili, mashirika mawili ya reli na mamlaka mbili za kodi kukubaliana kuhusu mzigo mmoja. Sijaona bado likijadiliwa kwa uzito unaostahili.

## Bili ya dola milioni 147

Upo upande wa pili wa uratibu wa Serikali, nao una risiti. Marekebisho ya 2017 yalifuta leseni za kuhodhi maeneo, zile ambazo kampuni zilizishika zikisubiri bei ipande. Nia ilikuwa njema: ardhi yenye madini isilale miaka 20. Utekelezaji ulikuwa wa ghafla, bila mlango wa kutokea kwa waliokuwa na leseni halali.

Kampuni tatu zilikwenda kwenye baraza la usuluhishi la kimataifa. Indiana Resources ya Australia, iliyokuwa na nikeli ya Ntaka Hill huko Nachingwea, ilishinda Julai 2023 na mwaka uliofuata ikakubali kulipwa dola milioni 90. Winshear ya Kanada ilimaliza shauri lake kwa milioni 30. Montero, nayo ya Kanada, iliyokuwa na madini adimu ya Wigu Hill mkoani Morogoro, kwa milioni 27. Jumla 147.

Mawili kati ya mashauri hayo yalihusu nikeli na madini adimu, yaani yaleyale ambayo leo tunayaita ya kimkakati.

Waziri wa Madini, Anthony Mavunde, alikuja na dira ya 2030 ambayo kiini chake ni kupima nchi kwa ndege kwa kina, kutoka asilimia 16 ya eneo iliyokwishapimwa hadi 50. Haivutii kamera kama kuzindua mtambo, lakini nadhani ni sehemu bora ya mpango mzima. Nchi inayojua ilichonacho haihitaji kumnyang'anya mtu leseni ili ifahamu kilichomo.

Kinachobaki ni nani anakaa kichwani mwa meza. Tume inatoa leseni, NEMC inatoa cheti cha mazingira, TRA inakata kodi, TANESCO inaleta umeme, TRC inaleta reli, STAMICO ni mbia na wakati huohuo mlezi wa wachimbaji wadogo, Benki Kuu ni mteja. Kwa dhahabu, mteja mwenye pesa aliwalazimisha wengine wote wakae pamoja. Kwa nikeli, kinywe na madini adimu, hakuna aliyeshika kiti hicho.

## Sengerema inakuja

Jaribio linalofuata halitafanyikia mbali. Ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza, wilayani Sengerema, kampuni ya Perseus ya Australia iliamua Aprili 2025 kujenga mgodi wa Nyanzaga kwa dola milioni 523, Serikali ikiwa mbia, na inatarajia dhahabu ya kwanza mwanzoni mwa 2027. Utakuwa mgodi mkubwa ndani ya mkoa wa Mwanza uliozaliwa baada ya tangazo la asilimia 20, hivyo hauwezi kudai kwamba ulikuta utaratibu mwingine.

Daraja la Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025, na gari lenye mikuo ya Nyanzaga halitahitaji kungoja kivuko kufika Ilemela. Moja ya tano ya mzigo huo sheria imekwishaipangia njia. Zile nne nyingine Perseus itazipeleka inakotaka, na itakapofanya uamuzi huo itaangalia kwanza kama kiwanda cha Mwanza, wakati huo kikikaribia miaka 6, kimeingia kwenye orodha ya London.